Oili Chafu Haina Kazi Bustanini

Masika yakikatika mwishoni mwa Mei, swali hurudi lile lile hapa Mwanza, kuanzia Butimba hadi Nyegezi na Mkolani: "Mtaalamu, nitandaze nini bustanini ambacho mchwa hawali?" Huuliza mama mwenye matuta ya nyanya na sukuma wiki nyuma ya nyumba, huuliza mzee mstaafu anayetunza mawaridi mbele ya baraza. Na karibu kila mara, kabla sijafungua mdomo, muulizaji hunipa na jibu aliloambiwa na jirani: chukua maranda kwa seremala, yaloweke kwenye oili chafu ya gereji, tandaza. Au mwaga hiyo oili kuzunguka tuta zima, kisha tandaza unachotaka. Matandazo yatadumu miaka na mchwa hawatasogea.

Nimelijibu swali hili kwa mdomo kupita kiasi, na ushauri wa jirani unazidi kusambaa. Leo nalijibu kwa maandishi, bila kulainisha: usimwage oili chafu bustanini. Si kidogo, si pembeni, si kwenye maua tu. Na swali lenyewe limekosewa. Kitu kisicholiwa na mchwa na kisichooza hata kidogo ni jiwe, plastiki au sumu. Ukiomba matandazo ya namna hiyo, mwenye kukushauri atakupa kimojawapo kati ya hivyo vitatu, na cha bei rahisi kuliko vyote ni sumu, kwa sababu gereji wanaigawa bure.

Najua wazo hili lilikotoka. Limetoka kwenye uzio. Fundi anayesimika nguzo hupaka oili chafu ile ncha inayoingia ardhini, na nguzo hiyo huchelewa kuliwa. Hapo watu wamejionea kwa macho yao na sibishani nao. Lakini nguzo ni mti uliokufa. Haina mizizi inayotafuta maji, haihitaji hewa udongoni, haina jani litakalopelekwa jikoni. Tuta lina vyote hivyo, na kinachomfukuza mchwa kwenye nguzo ndicho kinachoua uhai wote tunaoutegemea kwenye tuta.

Tuangalie oili yenyewe. Ikitoka kwenye injini si ile iliyoingia. Imebeba chembe za chuma, shaba na risasi zilizolika humo ndani, imebeba zinki ambayo watengenezaji huiweka kama kiungo cha kuzuia vyuma kulika, na imebeba hidrokaboni zilizopikwa na joto la injini, ambazo baadhi yake zinajulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Metali hazivundi wala haziishi nguvu. Mvua inaweza kuondoa harufu na rangi, mwenye bustani akadhani mambo yamekwisha, kumbe risasi imebaki pale pale kwenye sentimita chache za juu, panapoota mchicha. Mchicha na figiri hatuvimenyi. Tunakula jani zima pamoja na vumbi lililorushwa na matone ya mvua.

Fanya jaribio dogo. Chota udongo kidogo mahali palipomwagiwa oili miezi michache iliyopita, uanike ukauke, uweke kwenye kisahani, kisha dondoshea tone moja la maji. Tone halizami. Linasimama juu ya udongo likiwa duara, linang'aa, na ukikiinamisha kisahani linabingirika kama gololi bila kuacha alama ya unyevu nyuma yake. Chota sasa udongo wa hatua tatu kutoka hapo, ambao haujaguswa. Tone linapotea kabla hujahesabu mbili. Hiyo ndiyo hali ya tuta lako: umemwagilia ndoo nzima, juu kumelowa, chini kukavu, na maji yamekimbilia kwenye mtaro.

Butimba jambo hili ni baya zaidi kuliko sehemu nyingine, kwa sababu ya udongo wetu. Vilima hivi ni vya mawe ya matale, na udongo uliotokana nayo juu ya miteremko ni ule wa kichangachanga ambao wakulima wa Kisukuma wanauita luseni. Punje za mchanga ni kubwa, kwa hiyo gramu moja ya mchanga ina eneo dogo sana la kupakwa likilinganishwa na gramu moja ya mfinyanzi wa mbugani. Oili kidogo tu inatosha kuzifunika punje zote. Kiasi ambacho udongo mweusi wa mbuga ungekivumilia kinaufanya luseni ukatae maji kabisa.

Halafu kuna njaa ya naitrojeni. Wapo bakteria udongoni wanaoweza kula mafuta, na wanajitahidi. Lakini mafuta ni kaboni na hidrojeni, karibu hayana naitrojeni, nao wanaihitaji ili waongezeke. Wanaichukua kwenye udongo, ile ile ambayo mmea wako ungeitumia. Majani yanakuwa ya njano kuanzia chini, mwenye bustani anakimbilia duka la pembejeo kununua urea, na aliyemshauri kuhusu oili hatajwi popote.

Na mchwa? Hapa ndipo ninapokosa subira kabisa, kwa sababu dawa hii ingekuwa angalau inafanya kazi yake tungekuwa na cha kujadili. Haifanyi. Mchwa wanaokusumbua hawaishi kwenye matandazo. Kiota chao, na malkia wao ndani yake, kiko chini ardhini au kwenye kichuguu ambacho huenda kiko kwa jirani. Vibarua wao husafiri makumi ya mita kwa njia za chini ya ardhi kuja kula kwako. Oili uliyoimwaga imeingia sentimita chache. Wiki za mwanzo harufu inawakera, wanazunguka. Mvua ya vuli ikianza inaisukuma oili mteremkoni, mchwa wanapita chini yake, na wanakuta waridi ambalo mizizi yake imekosa maji na hewa. Mmea uliodhoofika ndio mchwa wanaoupenda. Mwenye bustani anaona mchwa wamerudi kwa nguvu zaidi, anamwaga oili nyingine.

Kuna na hilo la mteremko. Kinachotiririka kutoka Butimba kinakwenda ziwani, hakuna pengine pa kwenda. Pale pale Butimba kuna mtambo wa maji wa MWAUWASA, mamlaka ya maji ya jiji, uliojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku kwa ajili ya mabomba ya jiji. Sisemi kwamba kopo lako moja litauharibu mtambo huo. Nasema kwamba mtaa mzima ukiamini kuwa oili chafu ni dawa ya bustani, hiyo oili yote ina njia moja tu ya kutokea, na tunaichota mwisho wake kwa mikono yetu. Samaki wanaozaliwa kwenye maji ya kina kifupi ufukweni hawana hata mtambo wa kuwasafishia.

Wapo wanaoruka oili na kununua ile dawa ya mchwa inayomwagwa kwenye msingi wa nyumba. Hiyo ni ya msingi wa nyumba. Zamani mashamba yalimwagiwa aldrini na dieldrini kwa sababu hii hii ya mchwa, zikakaa udongoni miaka na miaka, zikapanda kwenye maziwa na mafuta ya wanyama, hadi Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukaziweka kwenye orodha ya sumu za kwanza kuondolewa duniani. Historia hiyo ina gharama ya kutosha. Hatuna haja ya kuirudia kwenye tuta la sukuma wiki.

Aliyekwisha kumwaga afanye hivi: achimbue udongo wote ulioloa oili, auweke kwenye gunia, asiutupe mtaroni wala ziwani na asiupeleke kwenye shimo la mboji. Pabaki pasipandwe mboga. Panafaa kwa kichaka cha maua kilichopandwa kwenye udongo mpya na samadi nyingi. Oili iliyobaki kwenye dumu irudi gereji, wapo wanaoikusanya.

Sasa nimtetee mchwa kidogo, maana hofu yote hii imejengwa juu ya kutomfahamu. Nenda kwenye tuta ambalo maranda au nyasi zimekaa wiki kadhaa. Utaona sehemu zimefunikwa na ngozi nyembamba ya udongo wenye unyevu, kana kwamba mtu amepaka tope kwa kidole. Ikwangue taratibu kwa kijiti. Vibarua weupe, laini, wanakimbia kutafuta giza. Askari wenye vichwa vya rangi ya kahawia wanabaki nyuma na kufungua taya. Sogeza mabaki pembeni, utaona matundu madogo yanayoingia ardhini. Mwaga maji hapo. Yanaingia. Vibarua hao wamekutobolea udongo bila malipo, wamepandisha udongo wa chini juu, na kile walichokula wanakipeleka chini kulishia kuvu wanaoufuga kiotani, ule ule ambao mvua za kwanza zikinyesha hutuoteshea uyoga wa vichuguu. Tunakula uyoga huo na kumbikumbi wa mchwa hao kwa furaha, halafu tunawatangazia vita bustanini.

Burkina Faso wakulima wameligeuza jambo hili kuwa mbinu. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Yatenga aliyefariki mwaka 2023, alichimba mashimo kwenye ardhi iliyokauka ikawa kama saruji, akatia samadi na mabaki ya mimea kwa makusudi ili mchwa waje. Wakaja, wakatoboa, maji yakaingia, mtama ukaota, na baadaye msitu. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood kwa kazi hiyo. Watafiti wa nchi yake walipopima ardhi za namna ile walikuta kwamba matandazo pamoja na mchwa ndiyo yaliyoifungua ardhi. Pale mchwa walipozuiwa kwa sumu, matandazo peke yake yalifanya kidogo sana.

Je, mchwa hawali mimea hai? Wanakula. Nimeona miche ya mikaratusi ikikatwa usawa wa ardhi na mahindi yaliyokomaa yakilazwa. Lakini tazama ni wakati gani na ni mmea gani: mche wenye kiu, shina lililojeruhiwa kwa jembe, mmea wa kigeni kwenye udongo mkavu uliofagiliwa ukabaki mtupu. Kwenye kiangazi cha Juni hadi Agosti, pale ambapo mvua karibu haipo kabisa, ukiondoa kila jani kavu bustanini umemwachia mchwa chakula kimoja tu, nacho ni shina lako. Kinga ya kweli ni mambo mawili: mmea usishinde na kiu, na matandazo yasiguse shina. Acha nafasi ya kiganja kizima kulizunguka. Mtu akifanya hayo mawili halafu bado mchwa wakamlia waridi, aje tuzungumze. Wengi wanaokuja hawajafanya hata moja.

Ng'ambo ya ziwa, Kagera, swali la mchwa silisikii. Kibanja cha Mhaya, shamba lake la migomba, kimekatiwa nyasi za rweya, yaani uwanda wa nyasi, na kutandazwa kizazi baada ya kizazi. Nyasi zinaoza, zinaongezwa nyingine, migomba inasimama. Hakuna anayetafuta nyasi zisizooza. Kuoza ndiko kunakolisha mgomba.

Kwa hiyo swali sahihi ni hili: ni kitu gani ninachoweza kukipata tena na tena karibu na kwangu, kitakaa muda gani, na gharama yake nikiigawa kwa miezi ni shilingi ngapi? Gunia la bure linalodumu miezi minne linamshinda mtu aliyenunua kitu cha gharama kinachodumu mwaka.

Kwa Butimba chaguo langu la kwanza ni pumba ngumu za mpunga. Usukuma unalima mpunga, kuanzia Magu, Misungwi hadi Sengerema, na karibu kilo 20 katika kila kilo 100 zinazoingia mashineni ni maganda. Yanarundikwa nyuma ya mashine, mengine hutumika kuchomea matofali, mengine yanachomwa tu yaishe. Maganda hayo yana silika nyingi, takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, madini yale yale ya mchanga; ndiyo maana yanaoza polepole na mchwa hawayapendi kama mbao. Ukiyaweka vizuri, mara nyingi yanaona kiangazi cha pili. Hakikisha umepewa pumba ngumu, si zile laini za kulishia kuku, ambazo zitavuta panya na kuku wa mtaa mzima. Kasoro yake ni wepesi: upepo wa ziwani unazipeperusha na mvua ya mteremkoni inazisomba. Tanguliza tabaka jembamba la nyasi au mabua, mwaga pumba juu, zilowanishe, na upande wa chini wa tuta panga mstari wa mawe. Mawe Mwanza hayajawahi kupungua. Machipukizi machache ya mpunga yakijitokeza, yang'oe.

Pumba zilizotandikwa kwenye banda la kuku ni nzuri zaidi kwa kulisha udongo, lakini usizipeleke tutani zikiwa mbichi. Zirundike, zilowanishe, zigeuze, subiri hadi joto liishe na harufu ya kukaba iondoke.

Maranda na vumbi la mbao yanafaa, mradi yabaki juu. Ukiyachanganya na udongo ndipo yanapoiba naitrojeni. Chukua ya msonobari wa kawaida, kama ule unaotoka mashamba ya miti ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi. Usichukue ya mbao zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani. Dawa hiyo mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na hapa tunarudi kule kule kwenye sumu. Muulize seremala kabla ya kujaza gunia. Akisema hajui, ondoka.

Majani ya mwembe ni magumu na yanachelewa kuoza. Yakusanye badala ya kuyachoma kila asubuhi. Ya mwarobaini yanaoza mapema, ila mchwa hawayafurahii, yachanganye na mengine. Ya mkaratusi yaweke mbali na mbegu na miche midogo. Nyasi zikatwe kabla ya kutoa mbegu. Ukoka usitandaze ukiwa mbichi, utaota. Mabua ya mahindi yakatekate vipande vya urefu wa mkono. Mabua ya pamba usiyasogeze nyumbani: kanuni za zao hilo zinataka yang'olewe na kuchomwa baada ya mavuno ili wadudu wasivuke msimu, na kanuni hiyo ina sababu nzuri.

Magugu maji wananiuliza sana. Ni bure na yapo tele, lakini sehemu kubwa ni maji. Mlima ulioubeba ukikauka unabaki mwembamba kama shuka, na shuka hiyo inaoza haraka. Hufyonza pia metali kutoka maji machafu, hivyo yaliyotoka karibu na mifereji ya jiji yaende kwenye maua, si kwenye mboga. Yaanike juu ya mwamba hadi yakauke kabisa. Na usiingie majini kuyavuta: konokono wa kichocho hukaa humo humo kwenye mizizi yake. Wape kazi hiyo wavuvi wenye mabuti marefu au achana nayo.

Kokoto zinadumu kuliko vyote, na kwa mimea ya jangwani kama mikonge ya mapambo ni sawa. Hazilishi udongo, zinashika joto la mchana, na baada ya mwaka vumbi limejaa katikati na unang'oa magugu kutoka kwenye mawe. Plastiki nyeusi huchanika kwa jua na kuzuia mvua. Viroba vilivyochanwa ni vibaya zaidi, nyuzi zake hutazitoa udongoni maisha yako yote. Je, matandazo huleta nyoka? Nyoka wanafuata panya na vyura. Uwanja wa mlangoni ufagiwe, matandazo yakae kwenye matuta.

Kiasi: tuta la mita 1 kwa 10, unene wa sentimita 5, linataka nusu mita ya ujazo, yaani lita 500. Gunia linalobeba kilo 100 za mahindi huchukua karibu lita 140, kwa hiyo magunia manne yanatosha, na pumba za kujaza tuta hilo zina uzito wa kilo 50 hivi. Guta moja linabeba za matuta kadhaa kwa safari moja. Zikishuka hadi sentimita 2, ongeza. Fanya kazi hii Mei, wakati udongo bado una mvua ndani yake. Ukichelewa hadi Julai, mwagilia kwanza mpaka unyevu ufike kina cha kiganja, ndipo utandaze. Ukitandaza juu ya udongo mkavu, maji machache utakayonyunyiza yataishia kwenye pumba na mizizi haitapata kitu.